Mke Wangu Alipewa Darasa la Wanaoanza

Nimestaafu kabla ya mke wangu, na hilo peke yake linatosha kunikera. Kila asubuhi Kadzo huvaa koti lake la karakana, hutia chaki mkobani, kisha huniaga mlangoni kama mtu anayemuaga mgonjwa. Mimi hubaki na kikombe cha chai na kelele za majirani.

Ninyi walimu vijana mliobaki chuoni mmenitaka niwaandikie niliyoyaona katika miaka yangu ya kufundisha ufundi wa mitambo. Haya, nimekubali. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Mtazikuta wenyewe na mtasikitika wenyewe. Lakini kazi ile siwezi kuieleza nikamwacha Kadzo nje, kwa sababu karibu muda wote tuliofundisha pamoja nilikuwa nikimwonea wivu, na ugonjwa huo haukustaafu nami.

Nilifika Malindi kutoka Kitui nikiwa bado kijana, cheti changu ndani ya bahasha, na shati lililoloa jasho kabla sijaliona lango la chuo. Mkuu wa idara alikuwa Mwalimu Shee, Mbajuni wa visiwa vya kaskazini, mtu mrefu, msafi, asiyependa haraka. Hakunikaribisha ofisini. Alinipeleka moja kwa moja kwenye ubao wa karakana akasema, "Ndoo ya maji imening'inizwa kwa kamba mbili. Nichoree."

Mimi nikaanza kuandika hesabu. Nilitaka aone kwamba nimesoma. Kabla sijafika mstari wa tatu alikwisha kufuta wa kwanza.

"Sikukwambia upige hesabu. Nimekwambia uchore. Ndoo hii inavutwa na nani?"

"Na kamba, mwalimu. Halafu yenyewe inaenda na chini."

"Inashuka, Mutisya. Ndoo haina miguu ya kwendea."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza Kiswahili na mekanika kwa pamoja, vyote viwili kwa kusahihishwa mbele ya watu.

Njia ya Mwalimu Shee mnaijua, maana ndiyo mnayoitumia hadi leo hata kama hamjui ilikotoka. Kitu unachokichunguza kizungushie duara. Kitoe ulimwenguni, kibaki peke yake. Kila mahali kilipokuwa kikigusana na kitu kingine, weka mshale. Mwisho weka mshale wa uzito, ambao hauhitaji kugusana na chochote. Ukikosa mshale mmoja, hesabu yako yote itakuwa safi, nzuri, na ya uongo. Mwanafunzi akimletea jibu, Mwalimu Shee hakulitazama jibu; alihesabu mishale.

Kwenye vyuma alikuwa hivyo hivyo. Tulikuwa na mashine ya kuvuta vyuma mpaka vikatike, ya zamani, ililia kama punda. Aliwakusanya wanafunzi akaweka kipande cha chuma laini. Kipande kilirefuka polepole, kikaanza kuwa chembamba katikati, kikafanya kiuno, ndipo kikakatika. Baadaye akaweka chuma cha kusubu, kile cha kumiminwa kalibuni. Hicho kilikatika pah! bila dalili, na wanafunzi wa mbele wakarukia wa nyuma. "Mmoja ameaga," alisema, "mwingine hakuaga. Mkitengeneza kitu kitakachosimama juu ya vichwa vya watu, chagueni anayeaga."

Nilimpenda mzee yule. Nilitaka aniite mimi kila kitu kilipovunjika. Na kwa miaka kadhaa ndivyo ilivyokuwa. Darasa la wanaoanza, wale ambao hawajui hata kushika tupa, nilipewa mimi. Walimu wengine walilikimbia kwa sababu ni darasa la maswali ya kitoto: ngazi iliyoegemea ukuta, sanduku kwenye mteremko, ubao uliobebwa na watu wawili. Mimi nililipenda. Nilitunga maswali yangu mwenyewe, na nilikuwa na majibu yake kichwani.

Ndipo akaja Kadzo.

Alitoka Kakuyuni, Mgiriama, mwanamke pekee katika idara. Mwalimu Shee aliniambia nimwonyeshe kazi. Nikamtembeza: hapa mashine ya kukereza vyuma, hapa jiliwa la kuvibania, hapa vifaa vya kupimia, usiwape wanafunzi bila kuwahesabu. Alisikiliza kwa adabu. Tulipomaliza akaniuliza, "Mwalimu Mutisya, wewe ulipoanza kusoma mambo haya, swali gani lilikushinda?"

Nikafikiri kidogo. "Hakuna lililonishinda."

"Basi nawahurumia wanafunzi wako."

Sijui mtu humpendaje mtu aliyemwambia hivyo siku ya kwanza, lakini nilimwoa. Watu wetu walishuka kutoka Kitui kwa basi, wakala pilau na mahamri, wakalalamikia joto, wakarudi. Mtoto wetu wa kwanza tukampa jina la mama yangu, Mwende. Nyumbani tukawa Baba Mwende na Mama Mwende. Chuoni tulibaki mwalimu kwa mwalimu, na huko ndiko matatizo yalikokuwa.

Nilianza kuona wakati wa chai. Wanafunzi walikuwa wakienda kwenye meza yake. Hawakuwa wanafunzi wake tu, na wangu pia walikuwemo, tena wakiwa na maswali niliyoyatunga mimi. Maswali yangu yalikuwa yakitoka darasani kwangu, yakivuka uwanja, yakienda kufunguliwa kwake. Siku moja nikamuuliza kijana mmoja, "Huko unafuata nini?" Akajibu bila woga, "Mwalimu Kadzo anatufungua."

"Kwani mimi ninawafunga?"

Akainamia daftari lake. Jibu nililipata.

Muhula uliofuata Mwalimu Shee akaita mkutano wa idara, akagawa madarasa. Darasa la wanaoanza akampa Kadzo. Mimi akanipa mwaka wa pili, sehemu ya vyuma. Yeyote mwingine angeshukuru. Mimi nilisubiri watu watoke, nikabaki mbele ya meza yake.

"Mwalimu, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Darasa lile ni langu."

"Darasa lile ni la wale watoto." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kikoi. "Sikiliza, Mutisya. Wewe mwanafunzi akikosea unaharakisha kumpa jibu. Kadzo, mwanafunzi akikosea, hukaa kitako, kama mtu aliyeletewa chakula. Nimewatazama nyote wawili. Mwaka wa pili wanahitaji mtu wa majibu. Nenda."

Nilikwenda. Nyumbani nilikula, nikasafisha taa ya chemli ambayo haikuwa chafu. Kadzo aliniacha kwa muda, kisha akakaa mbele yangu.

"Ni darasa, siyo?"

"Darasa gani?"

"Baba Mwende, usinifanye mtoto. Ukitaka nilikatae, nitalikataa. Kesho asubuhi nitamwambia Mwalimu Shee. Lakini lazima uniombe kwa kinywa chako mwenyewe. Sitakataa kwa sababu umenuna."

Nilifungua kinywa. Kwa kweli nilitaka kuliomba. Lakini nilijua nikishaomba atanipa, na akishanipa nitakuwa mtu aliyepewa darasa na mke wake. Nikafunga kinywa.

"Haya," akasema. "Basi njoo siku moja ukae nyuma utazame."

Nilikwenda nikiwa na nia mbaya. Nilitaka kuona anakosea wapi. Siku hiyo alikuwa na swali la ngazi iliyoegemea ukuta, swali nililolifundisha mara zisizohesabika. Akamwita msichana mmoja wa Gede aje achore mishale. Msichana akachora uzito vizuri. Akachora ukuta unavyoisukuma ngazi. Kisha akafika chini, kwenye msuguano wa sakafu, akauelekeza nje, mbali na ukuta. Makosa. Nikiwa nyuma nilihisi mkono wangu ukiinuka wenyewe.

Kadzo hakusema kwamba ni makosa. "Nani mwingine anauona mshale huo unaelekea nje?" akauliza. Zaidi ya nusu ya darasa wakanyoosha mikono. Mwaka mzima mimi nisingejua kama ni wengi hivyo, kwa sababu ningekwisha kumsahihisha yule wa kwanza na wengine wangejificha.

Akaagiza ngazi ya karakana. Ngazi ya kweli. Akaiegemeza ukutani, akamwambia yule msichana aweke mguu wake chini kwenye ncha ya ngazi, upande wa nje, aizuie. Kisha yeye mwenyewe, na gauni lake, akapanda vipandio viwili.

"Inataka kuteleza kwenda wapi?"

"Nje, mwalimu."

"Na mguu wako unafanya nini?"

"Unaizuia. Unaisukuma irudi ndani." Msichana akautazama mguu wake, akautazama ubao, akacheka, akaenda kuugeuza mshale bila kuambiwa.

Nilitoka pale na uchungu mkubwa kuliko niliokwenda nao. Laiti angefundisha vibaya ningemsamehe.

Nawaeleza haya kwa sababu mnaweza kudhani wivu wa kazini huisha mtu akiona ukweli. Hauishi. Mimi niliuona ukweli mapema sana na haukunisaidia. Nilichofanya ni kusubiri jambo litokee ambalo nitalimaliza mimi, mbele yake, mbele ya Mwalimu Shee, waziwazi.

Jambo lenyewe lilitokea Kakuyuni, kwa Karisa, kaka yake Kadzo. Karisa alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, pekee kwa vijiji vya karibu. Shafti yake, ule mti wa chuma unaozungusha mawe, ilikuwa ikikatika. Alibadilisha, ikakatika. Akaagiza chuma bora kutoka Mombasa, ikakatika tena, na safari hii puli yake, gurudumu zito la mkanda, iling'oka ikizunguka, ikatoboa ukuta wa bati na kupita karibu na kichwa cha mama aliyekuwa kwenye foleni na beseni lake. Mashine ikafungwa. Kina mama wakaanza kubeba mahindi hadi Malindi mjini. Karisa akaja chuoni uso umemshuka.

"Shemeji," akaniambia, "nisaidieni. Mtu angekufa pale."

Aliniambia mimi. Nilikumbuka hilo kwa muda mrefu.

Tukaenda watu watatu: mimi, Kadzo na Mwalimu Shee. Nikaanza kazi papo hapo. Nikasoma nguvu ya injini, nikapima mizunguko, nikapima unene wa shafti mahali ilipokatikia, nikapiga hesabu ya jinsi inavyosokotwa. Chuma kile kilikuwa kinahimili mara kadhaa ya msokoto ule. Nikarudia, jibu ni lile lile. Nikasimama mbele ya watu nikatangaza, "Umeuziwa chuma kibovu, shemeji. Hesabu haina shida."

Karisa akasema, "Mara zote tatu? Kwa wauzaji tofauti?"

Nikarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi.

Kadzo alikuwa amechutama na vipande viwili vya shafti. Akainuka, akaenda kwenye mkanda wa mashine nyingine aliyokuwa nayo Karisa, ile ya kukoboa, akaubonyeza kwa kiganja.

"Kaka, mkanda wa ile ya kusaga ulikuwa umekazwa hivi?"

"Zaidi ya hivyo. Ukilegea unateleza."

"Na puli ilikuwa imekaa hapa hapa tangu zamani?"

"La. Niliponunua injini hii kubwa niliisogeza nje kidogo, ilingane nayo."

Akanigeukia, kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionichoma. "Mwalimu, mkanda unaivuta shafti upande wa injini. Kwenye mchoro wako mshale huo uko wapi?"

Haukuwepo. Nilikuwa nimeandika msokoto peke yake. Mshale wa mkanda, unaoipinda shafti upande mmoja, nilikuwa nimeuacha, mimi niliyewasumbua watoto miaka yote kwa sababu ya mishale. Mwalimu Shee hakunitazama. Alitazama nje, kwenye mihogo.

Kadzo akatuonyesha uso wa chuma kilichokatika. Upande mmoja ulikuwa laini, una mistari iliyopinda kama mistari ya kombe la baharini. Upande wa pili ulikuwa na chembechembe. "Hapa palipo laini ufa ulitembea polepole, siku baada ya siku. Puli iko mbali na beringi inayoishikilia shafti, mkanda unaipinda. Kila inapozunguka, upande uliovutwa unabanwa, uliobanwa unavutwa. Na imekatikia begani, hapa inapobadilika kutoka nene kuwa nyembamba. Kona yenyewe kali kama ya sanduku. Ufa umepata pa kuanzia."

Dawa ilikuwa nyepesi: kuisogeza injini ili puli irudi karibu na beringi, na kuikereza shafti mpya ambayo bega lake limezungushwa, halina kona kali. Shafti ile niliikereza mimi. Nawaomba mlikumbuke hilo. Niliikereza kwa mikono yangu, nikalipitishia bega lile msasa mpaka likateleza kidoleni, nikaibeba mwenyewe hadi Kakuyuni. Ilipowashwa, kina mama wakapiga vigelegele, na tangu siku hiyo, nendeni mkaulize, inaitwa shafti ya Kadzo.

Mwalimu Shee alipostaafu tulimfanyia karamu ndogo karakanani. Aliniaga kwa mkono mmoja, akaniombea heri kwa maneno mazuri. Kadzo aliagwa kwa mikono miwili. Kwa muda nilijifariji kwamba mzee aliponiaga mimi mkono wake mwingine ulikuwa umeshika sahani. Sahani ilikuwa mezani.

Baada yake nilifundisha mwaka wa pili mpaka mwisho, na sikufundisha vibaya. Niliwaambia wanafunzi wangu habari ya mshale wa mkanda kila mwaka, bila kuwaambia ni nani aliyeusahau. Kadzo aliijua hadithi ile, angeweza kuisimulia darasani kwake ikanoga sana. Sikusikia hata siku moja kwamba aliisimulia.

Sasa nimalize na jambo la hivi karibuni.

Asubuhi moja baada ya kustaafu, pikipiki ilisimama nje. Alikuwa Saumu, fundi wa pampu kwenye mashamba ya chumvi upande wa Ngomeni, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wetu. Nilimfundisha vyuma mwaka mzima. Akavua helmeti, akaingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Akabaki amesimama. "Mwalimu yupo?"

"Mwalimu si mimi?"

Akacheka kwa haya. "Mwalimu Kadzo."

"Amekwenda chuoni. Wewe una nini?"

Akasita, kisha akakaa. Kulikuwa na pampu iliyobebwa na mkono wa chuma uliofungwa ukutani, juu ya maji ya chumvi. Boliti zinazoufunga zilikuwa zikikatika, na msimamizi anataka ziwekwe nene zaidi. Kalamu ilikuwa karibu. Nikaishika. Jibu la kwanza lilikuwa tayari ulimini. Sijui kwa nini sikulitoa. Pengine ni kwa sababu sikuwa na haraka ya kwenda popote.

"Wewe unadhani ni nini?" nikamuuliza.

Akashangaa. Katika mwaka wote ule sidhani kama niliwahi kumuuliza hivyo. "Nadhani pampu ni nzito."

"Chora."

Akachora, akiniangalia kila baada ya mshale. Pampu inataka kuangukia mbele, chini ya mkono panasukuma ukuta, boliti za juu zinavutwa. Hakukosa kitu. Tukapiga hesabu pamoja, na boliti zilikuwa na nguvu ya kutosha na ziada.

"Zamani zilikuwa zikikatika?"

"La. Ni tangu tubadilishe ule mkono. Wa kwanza uliliwa na kutu, tukaweka wa chuma kisichoshika kutu."

"Na boliti?"

"Boliti ni za kawaida, zile za…" Nilimwona akiwaza. Mkono ulinicheza, nikaukalia. "Mwalimu. Vyuma viwili tofauti vinavyorukiwa na maji ya chumvi. Mmoja anamla mwenzake. Mkono ni mkubwa, boliti ni ndogo. Boliti ndizo zinazoliwa!"

"Kwa hiyo?"

"Tuweke boliti za chuma kile kile cha mkono. Nene hazitasaidia kitu, zitaliwa tu."

Nilifurahi kiasi kwamba nilimmiminia chai mpaka ikafurika kwenye kisahani. Akanywa, akashukuru sana, akavaa helmeti yake. Mlangoni akageuka.

"Nitapita tena jioni, mwalimu, Mwalimu Kadzo akisharudi. Nataka nimwonyeshe, anihakikishie."

Kadzo aliporudi aliukuta mchoro mezani kabla hajauliza. Akavaa miwani. Nilikitazama kidole chake kikipita kwenye mshale mmoja hadi mwingine, kama mtahiniwa anayesubiri alama.

"Hapakosekani kitu," akasema. "Habari ya boliti kuliwa, nani aliyeiona? Wewe au Saumu?"

"Saumu."

"Hukumwambia?"

"Sikumwambia."

Akaikunja karatasi akaitia mkobani.

"Unaipeleka wapi?"

"Darasani. Kesho naanza na hii."

"Swali hilo ni langu, Mama Mwende."

"Najua ni lako."

"Basi waambie."

"Nitawaambia, Baba Mwende."

Kesho yake alirudi na chaki mpaka kwenye mikono ya koti, amechangamka, akasema somo limekwenda vizuri mno, wanafunzi waligombana wenyewe kwa wenyewe juu ya zile boliti na wengine hawakutoka hata kengele ilipolia. Nikamuuliza walisema nini, walikosea wapi, nani alipata kwanza. Akanieleza yote. Kama aliwaambia swali ni la nani, hakusema, nami nilijikaza nisimuulize.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mlio chuoni: kama kuna mmoja wenu aliyekuwa karibu na darasa lile siku hiyo, akasikia jina langu likitajwa, tafadhali aniambie.